Sindano ya santuri: ni chafu, imelika au imepinda? Jua kwanza kabla hujanunua nyengine

Santuri zimerudi hapa Mombasa, watu wanafungua masanduku ya wazee, wengine wanaokota pleya kwenye mitumba ya Kongowea, na malalamiko yanayofuata ni yale yale: sauti inakwaruza, mwimbaji akitamka neno lenye "s" spika zinafoka, au mkono wa pleya unateleza unaruka beti nzima. Basi mtu anaamua sindano imekufa, anaanza kuuliza wapi nyengine. Ngoja kwanza yakhe. Sindano inaweza kukusumbua kwa uchafu, kwa uzito usio sawa, kwa almasi iliyolika, kwa kijiti kilichopinda au kwa raba iliyozeeka, na yote hayo yanatoa sauti mbaya inayofanana, ndio maana watu wanachanganya. Mawili ya mwanzo unayamaliza mwenyewe nyumbani kwa pesa kidogo sana, na kwa nilivyoona mimi ndio yanayotokea mara nyingi zaidi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kile kinachoning'inia chini ya katriji, yaani kile kidude kilichofungwa kwenye kichwa cha mkono wa pleya, ni kijiti chembamba, mara nyingi bomba la aluminiamu, na kwenye ncha yake kimegandishwa kipande cha almasi kidogo mno, ncha ya kawaida ya mviringo ina nusu kipenyo cha maikroni 15 mpaka 18 hivi, yaani unywele wa kichwa chako ni mnene zaidi. Nyuma ya kijiti kuna raba inayokiacha kicheze, na nyuma ya raba, kwa katriji za sumaku, kuna kisumaku ambacho kikitikisika karibu na koili kinazaa umeme mdogo, huo ndio muziki kabla haujafika kwenye amplifaya. Pleya za zamani za sanduku na redigramu nyingi hazina sumaku, zina kipande cha fuwele (kristali) au seramiki kinachotoa umeme kikiminywa, nazo zinakandamiza santuri kwa uzito mkubwa zaidi.

Mfereji wa santuri ya stereo una umbo la V, ukuta mmoja umebeba sauti ya kushoto na mwengine ya kulia, na almasi haifiki chini kabisa, inaegemea kuta zote mbili. Katriji nyingi za sumaku zinataka gramu 1.5 mpaka 2.5, ukisikia gramu mbili unaona si kitu, lakini gramu hizo zimesimama juu ya sehemu ndogo kiasi kwamba ukipiga hesabu shinikizo linafika tani kadhaa kwa sentimita moja ya mraba. Na ule mfereji wa upande mmoja wa LP, ile santuri kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika, dakika 20 za muziki, ukiukunjua ni zaidi ya mita 400. Sasa chukua almasi hio, iburute mita 400 kwenye vumbi na mafuta ya vidole, msuguano unatia joto, uchafu unalainika halafu unagandamana kwenye ncha kama ukoko. Ule utando wa vumbi unaouona umening'inia mwisho wa wimbo ni rahisi, unatoka kwa brashi. Mbaya ni ukoko mweusi uliojibandika kuzunguka almasi, huo huuoni kwa macho matupu na ndio unaoifanya sindano isikae sawa kwenye mfereji.

Na nyumba zetu zina mambo yake. Jioni watu wanafukiza udi na ubani, feni inazunguka, dirisha liko wazi na upepo wa bahari unaingia na chumvi yake. Moshi wa ubani una utomvu, ukitua juu ya santuri unaacha ngozi nyembamba yenye kunata, vumbi likipita linakamatwa hapo hapo. Sisemi watu waache kufukiza, nani atakubali, nasema funika pleya kabla chetezo hakijaingia chumbani. Unyevu wa pwani nao una faida yake moja, umeme tuli unaovuta vumbi kwenye santuri huwa mdogo kuliko kule bara wakati wa ukavu, isipokuwa kama chumba chako kina AC inayokausha hewa kutwa. Lakini unyevu huo huo unaotesha koga kwenye mifuko ya karatasi ya ndani, na koga ikishaingia kwenye mfereji sindano ndio inayoikomba.

Kabla ya kusafisha, angalia. Masonara wana lenzi ndogo ya kukuza mara 10, ukimjua sonara muombe uitumie dakika mbili, au nunua yako, si ghali. Kamera ya simu nayo ukiivuta karibu na flashi ukawasha inaonyesha mengi. Tazama kwa mbele na kwa ubavuni: kijiti kimenyooka au kimekwenda upande? Almasi ipo? Usicheke, kuna watu wanacheza santuri kwa kijiti kitupu, almasi ilishadondoka zamani. Kuna doa jeusi juu kidogo ya ncha? Hilo sasa ndio la kushughulikia.

Brashi kavu ndio ya kwanza na kwa watu wengi inatosha. Punguza voliumu mpaka mwisho au zima amplifaya kabisa, maana brashi ikigusa sindano spika zinapiga kishindo cha kutisha. Mkono uwe umefungwa kwenye kishikio chake, au kama kichwa kinatoka kitoe ukishike mkononi penye mwanga. Kisha piga brashi kutoka nyuma kuja mbele, yaani kutoka upande wa mkono kuelekea kwako, basi, mwelekeo mmoja tu. Sababu ni kwamba santuri ikizunguka huivuta sindano kuelekea huko huko mbele, kijiti kimeundwa kuvumilia mvuto huo, ukipiga kinyume unakikunja kurudi ndani na ukipiga kwa ubavu unakivunja. Brashi iwe na nywele laini na fupi, baadhi ya katriji huja nayo kwenye boksi na watu huitupa, kama huna chukua brashi ndogo ya rangi za maji za wanafunzi, mpya, ukate nywele zake zibaki fupi. Mswaki hapana. Kidole hapana kabisa, ngozi ina mafuta na kidole hakijui kipimo cha nguvu. Kupuliza kwa mdomo pia acha, unarushia mate.

Fanya hivyo kila unapobadilisha upande, ni sekunde tano, na ule ukoko hautapata nafasi ya kuota.

Ukishaota brashi kavu haiutoi, hapo ndipo watu wanagombana. Njia ninayoipenda mimi ni ile sponji nyeupe ya melamini ya kufutia madoa ya ukutani, inauzwa supamaketi, hakikisha ni ile tupu isiyotiwa sabuni. Kata kipande kidogo, kiweke juu ya sinia la pleya, sinia liwe limesimama, halafu kwa ile leva ya kushushia mkono teremsha sindano taratibu iingie kwenye sponji kwa uzito wake mwenyewe, inua, teremsha tena, mara tatu nne. Juu chini tu. Usiburute, usizungushe sinia, usishike mkono kwa vidole ukawa unakandamiza. Utaona kwenye sponji vidoti vyeusi, huo ndio uchafu uliokuwa unausikia. Watu wenye wasiwasi wanasema sponji hio inakwangua, na ni kweli melamini inakwangua kidogo, lakini almasi ni ngumu kuliko hio mara nyingi sana, kinachohitaji kuhurumiwa ni gundi na kijiti, ndio maana nasisitiza juu chini. Kuna pia jeli maalum za kunata unazoagiza onlaini, unateremsha sindano kwa namna hio hio, ni nzuri na laini zaidi ila bei ni nyengine. Ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani usiitumie, inaacha mabaki na inaweza kung'ang'ania kijiti.

Kuhusu maji na spiriti hata watengenezaji hawakubaliani, Audio-Technica wanauza maji yao ya kusafishia sindano, wengine wanakwambia usitie kitu chochote kilicho majimaji. Wanaokataza wana hoja: majimaji hupanda kwenye kijiti yenyewe mpaka yakafika kwenye raba, na gundi inayoshika almasi haipendi viyeyushi. Mimi naitumia kwa nadra, uchafu ukikataa sponji, na ni spiriti ya isopropili safi, ile ya asilimia 90 kwenda juu wanayotumia mafundi wa simu, nalowesha ncha ya brashi kidogo tu, nakung'uta, napiga nyuma kuja mbele mara mbili, naacha ikauke kabisa kabla sindano haijagusa santuri. Spiriti ya hospitali unayouziwa dukani kwa ajili ya vidonda mara nyingi imechanganywa na mafuta ya mbarika na vitu vyengine vya kulinda ngozi, ikikauka inaacha utando, umesafisha ukapaka upya. Dawa ya kutolea rangi ya kucha, thina, petroli, hivyo ni kuyeyusha gundi na kuaga almasi.

Sasa uzito. Kuna dawa ya mtaani ya kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono santuri ikiruka, nimeiona kwa wazee, nimeiona kwa madijei, na kweli mara nyingi kuruka kunakoma, ndio maana haifi. Lakini piga hesabu: shilingi moja ina gramu tano na kitu, sindano iliyoundwa ibebe gramu 2 sasa inabeba saba na zaidi. Kijiti kinabonyea, tumbo la katriji linakaribia kugusa santuri, na almasi inachimba kuta za mfereji kila mzunguko. Kilichokuwa kinairusha ni ukoko kwenye ncha au uchafu kwenye mfereji, au uzito haukuwekwa sawa tangu mwanzo, na vyote bado vipo pale pale chini ya shilingi yako.

Kuweka uzito sawa si uchawi. Vua kifuniko cha sindano, weka antiskeiti (kile kitufe cha kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) kwenye sifuri, zungusha chuma cha nyuma ya mkono mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na sinia, haupandi wala haushuki. Hapo bila kugusa chuma zungusha ile pete yenye namba peke yake isome 0. Kisha zungusha chuma pamoja na pete mpaka kwenye namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa katriji, na antiskeiti ipeleke kwenye namba hio hio. Ukiwa na mizani ndogo ya elektroniki ya kupima dhahabu hakikisha nayo, maana namba za pete kwenye pleya kuukuu mara nyengine zinadanganya. Na usifikiri wepesi ndio huruma. Sindano nyepesi kupita kiasi inakosa kushika kuta, inarukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga, kwa hivyo kama wamekupa gramu 1.5 mpaka 2 kaa karibu na ile 2. Pleya ndogo za sanduku za siku hizi hazina chuma cha nyuma, uzito wake ni wa kudumu na nyingi zinabeba gramu 5 au zaidi, huko huna la kurekebisha, weka tu sindano safi na mpya na usicheze humo santuri unayoithamini.

Umesafisha, umeweka uzito, bado sauti mbaya? Haya, sasa tunaweza kuzungumza kununua. Chukua santuri unayoijua ni safi na nzima, sikiliza wimbo wa kwanza wa upande, halafu sikiliza wa mwisho ulio karibu na lebo. Mwanzoni mwa LP mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde, mwishoni ni sentimita 20 na kitu, muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi ndogo, kwa hivyo almasi iliyolika inaanza kushindwa kule mwisho. Zile "s" zinazofoka wimbo wa mwisho, kwenye kila santuri, hata baada ya kusafisha, ndio dalili ya kulika. Uchafu haufanyi hivyo, uchafu huja ghafla katikati ya wimbo, sauti inafifia au inavimba, ukipiga brashi inarudi. Almasi ikilika haiwi butu tu, inapata pande bapa zenye makali, inaukuna mfereji kama mbuzi inavyokuna nazi, na kilichokunwa hakirudi. Ndio maana kuchelewa kubadilisha sindano kunakula hela nyingi kuliko sindano yenyewe.

Inachukua muda gani? Audio-Technica wanakadiria saa 500 kwa ncha ya mviringo, 300 kwa ya yai, na 1,000 kwa zile za umbo la maikrolaini, yaani zilizochongwa nyembamba zaidi. Saa 500 ni kama LP 750 za dakika 40 pande zote mbili. Mtu wa santuri mbili tatu ijumaa usiku atakaa miaka, mtu anayecheza kutwa dukani mwaka haufiki. Na hesabu hio ni ya sindano safi kwenye santuri safi. Sindano iliyokuja na pleya ya mitumba haina hesabu, hujui ilikula saa ngapi wala nani aliibandikia shilingi, hio badilisha tu kabla hujaiwekea santuri ya babu.

Kijiti kilichopinda unakiona kwa lenzi, na masikio yanakwambia sauti imehamia spika moja. Ila tahadhari, spika moja ikikata kabisa au ikinguruma, kabla ya kulaumu sindano toa kichwa cha mkono utazame zile pini nne za nyuma, chumvi ya hewa yetu inazila, zifute kwa raba ya penseli na zifute tena kwa kitambaa kikavu. Mafundi wangapi wamekula pesa ya katriji mpya kwa kazi hio, Mungu ndiye ajuaye. Raba ya ndani nayo inazeeka hata sindano ikiwa haijatumika, joto la miaka mingi linaikausha ikawa ngumu, besi ikija sindano inaruka, au linailegeza mpaka katriji ikakaa chini karibu na santuri. Kwa hivyo ile sindano ya miaka 30 ndani ya boksi lake unayouziwa kama mpya kabisa, almasi yake ni mpya, raba yake ni ya miaka 30.

Santuri za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika, ni habari nyengine na hapa watu wanaharibu mali. Zile nzito zinazovunjika, za enzi Siti binti Saad alipokwenda kurikodi Bombay mwaka 1928, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti inauyeyusha, usiipitishe hata tone. Mfereji wake ni mpana, unataka ncha ya maikroni 70 na kitu, sindano ya LP ukiiweka humo inazama mpaka chini inasomba takataka za miaka 90. Kinyume chake ni balaa zaidi, ncha ya 78 ndani ya LP inapanua kuta. Kwenye katriji nyingi za redigramu kuna kiwiko kidogo cha kugeuza upande wa 78 na upande wa LP, kiangalie kabla hujashusha mkono. Na ile gramafoni ya kuvuta kwa mkono yenye sindano za chuma, chuma kile kinabadilishwa kila upande mmoja wa santuri, ndivyo kilivyokusudiwa, unga wa mawe unakisaga kifuate umbo la mfereji. LP haiwekwi huko hata kwa mzaha.

Kusafisha sindano na kuacha santuri chafu ni kujichosha. Kwa LP na zile ndogo za mizunguko 45, brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na zile za sandukuni zenye koga zioshe kwa kitambaa cha maikrofaiba na tone la sabuni ya vyombo, lebo usiiloweshe. Maji ya kisima ya mitaa mingi hapa yana chumvi, yakikauka yanaacha chembe ndani ya mfereji na almasi inakuja kuzisaga, basi suuza kwa maji ya betri ya petroli stesheni, soma chupa vizuri iwe ni maji yaliyotoneshwa na si asidi, zinakaa rafu moja. Kausha kivulini, jua la saa saba linakunja plastiki mbele ya macho yako. Karatasi za ndani zenye madoa zitupe, nunua mpya.

Ukifika pa kununua sindano, usiende na jina la pleya, nenda na jina la katriji, limeandikwa mbele au ubavuni mwake, pleya moja inaweza kuwa ilishabadilishwa katriji mara kadhaa. Kwa katriji nyingi za sumaku sindano inachomoka mbele bila kugusa nyaya, huhitaji fundi. Wenye Shure wajue kampuni iliacha kutengeneza katriji na sindano mwaka 2018, kwa hivyo ukiuziwa "Shure mpya" ama ni ya stoo ya zamani ama ni ya kampuni nyengine, na ya kampuni nyengine si lazima iwe mbaya, JICO wa Japani wanatengeneza mbadala zinazoheshimika, ila muuzaji akwambie ukweli na bei iwe ya ukweli huo. Muulize ncha ni ya mviringo au ya yai, na inabeba gramu ngapi, maana mbadala mara nyengine inataka uzito tofauti na ile ya asili. Akishindwa kujibu hayo mawili mrudishie boksi lake.